Tempt, entice, lure, seduce: vitenzi vinne, jibu moja kwenye daftari la Mkorea

Fungua daftari la msamiati la mwanafunzi wa sekondari wa Korea Kusini, lile wanaloliita daneojang, utakuta kila ukurasa umegawanywa sehemu mbili: Kiingereza kushoto, Kikorea kulia. Ukifika kwenye "tempt", kulia kwake pameandikwa yuhokhada. "Entice", yuhokhada. "Lure", yuhokhada. "Seduce", yuhokhada tena. Pengine pembeni pameongezwa neno la pili kwa herufi ndogo, lakini lile la kwanza, ambalo mwanafunzi hulikariri akiwa kwenye basi, ni hilo hilo.

Siku mwanafunzi huyo atakapotaka kumsifu mwalimu aliyewafanya wapende kusoma, ataokota mojawapo ya vile vinne, kwa kuwa daftari limemwambia vyote ni sawa. Anaandika: "Our teacher seduced us to read more books." Yeye amekusudia sifa. Msomaji wa Kiingereza anaona mwalimu ametuhumiwa jambo zito ambalo hakulifanya. Sarufi imekosewa kidogo tu. Maana ndiyo iliyopinduka.

Nimekuwa nikilitazama tatizo hili kwa sababu naamini halitokani na ugumu wa Kiingereza. Vitenzi hivi vinne vina sehemu zake zinazoeleweka vizuri. Wala Kikorea hakina upungufu wa maneno. Kina maneno mengi ya jambo hili, tena mazuri. Shida ni kwamba kati ya maneno yote ya Kikorea, daftari limechagua lile pana na zito kuliko yote, likalitumia kufunika mengine.

Kwa nini daftari linafanya hivyo

Sababu ya kwanza ni mtihani. Suneung, mtihani wa kuingia vyuo vikuu, hufanyika mara moja kwa mwaka mwezi Novemba, na nchi nzima huutii: wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala hazitui kwenye viwanja vya nchi hiyo mpaka sehemu hiyo iishe. Karatasi ya Kiingereza ina maswali 45 kwa dakika 70, 17 ya kusikiliza na 28 ya kusoma. Yote ni ya kuchagua jibu. Mtahiniwa hatungi hata aya moja.

Kwa mtihani wa namna hiyo, neno moja la Kikorea kwa neno moja la Kiingereza linatosha kabisa. Ukikutana na "lured" katikati ya kifungu kuhusu maduka makubwa, ukikumbuka yuhokhada, umeelewa, umechagua jibu, umesonga mbele. Siwezi kumlaumu mwanafunzi mwenye maelfu ya maneno ya kukariri kwa kuchukua njia fupi. Lakini kulitambua neno ni kazi moja na kulitumia ni nyingine, na daftari halikutengenezwa kwa ile ya pili.

Sababu nyingine ni ya zamani zaidi. Kikorea kina tabaka mbili kubwa za msamiati: maneno ya asili yao wenyewe, na maneno yaliyojengwa kwa herufi za Kichina. Hayo ya Kichina ndiyo lugha ya shule, sheria, magazeti na kamusi. Maneno ya asili ndiyo lugha ya jikoni, ya sokoni, ya vijana wanaotaniana. Kamusi inapotafuta neno lenye heshima la kuweka mbele ya "tempt", inakwenda kwenye tabaka la juu, na huko inalikuta yuhok.

Yuhok ina herufi mbili. Yu ni kuongoza mtu au kumvuta kuelekea mahali. Hok ni kuchanganyikiwa, kupotewa na uamuzi. Hok hiyo hiyo imo katika bulhok, neno la heshima ambalo Wakorea hulitumia kwa mtu aliyefikisha miaka 40, kwa kufuata maneno ya Confucius kwamba alipofika umri huo hakuyumbishwa tena. Kwa hiyo ndani ya yuhok kuna mtu anayevutwa na akili yake inatiwa ukungu. Ni neno la hatari. Linafaa kwa shetani, kwa kamari, kwa mwanamke au mwanaume anayemvizia mwenzake. Halifai kwa kipande cha keki.

Sisi tuna kushawishi yetu

Msomaji wa Kiswahili asidhani hili ni la Wakorea peke yao. Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili "persuade" maana yake nini, atakwambia kushawishi. "Convince"? Kushawishi. "Tempt"? Kushawishi. "Influence"? Atafikiri kidogo, kisha atasema kushawishi. Wakati huo huo nyumbani kwao anatumia kurubuni kwa tapeli, kutongoza kwa kijana anayemtaka binti, kuchombeza, kuhadaa, kutamanisha, na akiwa Nairobi anajua kukatia ni nini. Maneno hayo hayamo kwenye daftari lake la Kiingereza, ingawa ndiyo ambayo yangemfaa.

Kwa Mkorea hali ni hiyo hiyo, na dawa naiona ni hiyo hiyo: aiweke yuhokhada kando kwa muda, arudi kwenye maneno ya nyumbani.

Anayeshawishi ni nani?

Tuanze na "tempt", kwa sababu ndicho kitenzi chepesi kuliko vyote vinne na ndicho kinachoumizwa zaidi na tafsiri ya daftari. Katika Kiingereza cha kila siku, anayefanya kazi ya "tempt" mara nyingi si mtu. Ni harufu ya mkate, bei iliyopunguzwa, kitanda asubuhi ya baridi. "The smell tempted me" ni sentensi ya kawaida kabisa.

Mkorea anaikwepa. Walimu wa Kiingereza nchini mwao hulifundisha jambo hili kama somo maalumu, kwamba Kiingereza hupenda kukiweka kitu kisicho na uhai kwenye nafasi ya mtendaji, mahali ambapo Kikorea kingemweka mtu akiathiriwa na kitu hicho. Badala ya harufu kumvuta mtu, mtu anavutwa na harufu, akaingia dukani. Mzungumzaji wa Kiswahili hapa hapati taabu, kwa kuwa tumezoea kusema njaa inaniuma, usingizi umenichukua, baridi imenipiga. Mkorea husema tumbo lina njaa.

Hata hivyo, Kikorea kina mlango wake. Saa nne usiku, kijana aliyeshiba chakula cha jioni anamwambia mwenzake ramyeoni ttaenggyeo: ramyeon, ile tambi ya supu kali, inanivuta. Tambi ndiyo inayovuta. Hakuna shetani, hakuna dhambi, hakuna akili iliyotiwa ukungu; kuna hamu tu. Kamusi zinataka neno hilo litamkwe danggida bila ukali wa mwanzo, lakini mtaani ni ttaenggida. Hapo ndipo "tempting" ya chakula ilipo. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba "That ramyeon looks tempting" ni ndugu ya ramyeoni ttaenggyeo, sura ya mwanafunzi inabadilika, kwa sababu ghafla neno lina ladha.

Kuna lingine, solgithada. Hili ni la sikio. Mtu akikuletea habari ya kazi yenye mshahara mzuri, au kiwanja kinachouzwa kwa bei ya kutupa, Mkorea husema sikio lake limekuwa solgit: limeinuka, limeelekea kule sauti inakotoka. Bado hajakubali. Anasikiliza kwa hamu. Hiyo ndiyo "a tempting offer" kamili, na sioni kwa nini vitabu vinaipa tafsiri ya yuhok wakati lugha yenyewe imeshatengeneza neno linalokaa pale pale.

Mfano mmoja unaonyesha umbali uliopo. Mwenyeji Mwingereza anasimama na sahani mkononi, anamwambia mgeni: "Can I tempt you with some cake?" Ni ukarimu, tena wa upole, kwa maana unampa mgeni nafasi ya kukataa. Mgeni Mkorea aliyekariri yuhokhada anasikia swali la ajabu: je, nikutongoze kwa keki? Kumbe nyumbani kwao mwenyeji angesema mat jom boseyo, onja kidogo uone, kama sisi tunavyosema karibu, onja. Mgeni akilisikia swali la Mwingereza kwa sikio hilo, analipokea inavyotakiwa. Na akitaka kujibu kwa ufasaha, kuna "Don't tempt me", ambayo kwa maneno inakataza, na kwa moyo inasema natamani sana.

"I'm tempted" na woga wa kuonekana umedhulumiwa

Kiingereza kinasema "I'm tempted to agree", "I'm tempted to wait till Monday". Aliyetenda hayupo. Hakuna aliyemshawishi msemaji. Amejikuta tu anaelekea upande fulani, na anatuambia bado hajafika. Kiswahili kina kauli inayokaa hapo hapo: nashawishika. Nashawishika kukubaliana nawe. Hatuulizi umeshawishiwa na nani.

Kikorea hakina kauli nyepesi ya namna hiyo kwa yuhok. Kina njia za kulifanya neno liwe la kutendwa, na mojawapo ni kuliongezea danghada, ambayo hutumika kwa mambo mabaya yanayompata mtu: kutapeliwa, kufukuzwa, kupata ajali. Yuhokdanghada basi inamfanya msemaji aonekane mhanga. Ukitaka kulainisha unaweza kusema yuhogeul neukkida, nahisi kishawishi, lakini bado ni mzigo mkubwa kwa mtu anayetaka tu kusema anafikiria kusubiri mpaka Jumatatu. Matokeo yake, Wakorea wengi wanaoandika Kiingereza hawaitumii kabisa "I'm tempted to", ingawa ni mojawapo ya njia za adabu za kutoa maoni bila kujifunga. Wangeweza kuifananisha na lile umbo lao la -(eu)lkka hada, lenye maana ya nafikiria huenda nikafanya hivi. Halimo kwenye daftari mbele ya "tempt", lakini kwa matumizi haya lina ukaribu kuliko yuhok.

Wanaothubutu hukutana na mtego mwingine, ule wa -ing na -ed. Ni kosa ambalo walimu wa Kiingereza wanalijua kwa wanafunzi wa nchi nyingi: "I am boring" kwa mtu aliyechoshwa. Hapa linatoa "I am tempting to buy it". Mnunuzi alitaka kusema gauni limemvutia. Amesema yeye ndiye anayevutia. Gauni ni "tempting", mnunuzi ni "tempted". Kwa Kiswahili tungesema gauni linatamanisha, mimi natamani, na hatuwezi kuyachanganya maana mwisho wa kitenzi unatulinda. Mkorea anaweza kulindwa na sikio lake mwenyewe akiukumbuka ule mfano wa tambi: kinachovuta kinapewa -ing.

Je, alinasa?

Sasa tunafika pale ambapo, kwa maoni yangu, somo zima limejificha, na ambapo daftari halisemi kitu. Tuchukue sentensi mbili za Kiswahili. Alimshawishi atoe pesa. Alimrubuni akatoa pesa. Ya kwanza inakuacha njiani: ushawishi ulifanyika, lakini pesa hatujui kama zilitoka. Ya pili imemaliza habari, pesa zimekwenda. Tofauti yote imebebwa na atoe na akatoa. Hakuna anayetufundisha hili. Tunalinyonya pamoja na lugha.

Kiingereza hubeba tofauti hiyo kwa kineno kidogo baada ya kitenzi. "They tempted him to sign" inaweza kukuacha ukiuliza, je, alitia saini? "They enticed him into signing" haikuachi na swali. Kile "into" ni mlango ambao mtu ameshaupita. Ndiyo maana "entice" na "lure" hupenda sana kukaa na "into", na ukitaka kusema jaribio halikufaulu huna budi kuongeza "tried to" mbele yake. Angalia hata "tempt" yenyewe inavyogeuka: "She was tempted to resign" humaanisha kwa kawaida kwamba hakujiuzulu, alifikiria tu. "She was tempted into resigning" humaanisha kazi hana tena. Kitenzi ni kile kile na mtu ni yule yule, ila mwisho wa habari umekuwa kinyume.

Mwanafunzi wa Kikorea akiachwa na yuhokhada peke yake, hana njia ya kuuona mlango huo, kwa sababu katika Kikorea kuvuta na kuanguka ni vitenzi viwili tofauti. Yuhokhada ni kuvuta tu. Ukitaka kusema mtu alianguka, unaleta kitenzi kingine: yuhoge neomeogada, kuvuka kwenda upande wa kishawishi, au yuhoge ppajida, kuzama ndani yake. Aliyeshinda anaitwa aliyekikung'uta kishawishi, yuhogeul ppurichida, kama mtu anavyokung'uta mkono uliomshika kwenye kanzu. Habari kamili inahitaji hatua mbili, na kila hatua ina neno lake.

Lakini Kikorea kinaweza kuziunganisha hatua hizo kwa namna inayofanana sana na -ka- yetu. Doneul naedorok yuhokhaetda: alimshawishi ili atoe pesa, hatujui kama alitoa. Kkoeeoseo doneul naege haetda: alimrubuni, kisha akamfanya atoe pesa. Sentensi ya pili ndiyo "into". Nikipata nafasi ya kusahihisha daftari hilo kwa kalamu, ningeanzia hapa. Mbele ya "entice someone into" ningefuta yuhokhada na kuandika kkoeeoseo… -ge hada, umbo zima, na siyo neno moja. Mwanafunzi wa Kikorea hutumia umbo hilo kila siku anaposimulia jinsi mdogo wake alivyomrubuni akampa zamu ya kucheza mchezo wa kompyuta.

Na kkoeda yenyewe, kurubuni kwa maneno matamu au kwa zawadi, ni neno la asili la Kikorea ambalo lina uzito unaofaa "entice": si dhambi kubwa, si hamu tupu, kuna mtu anayetaka kitu kutoka kwako na amekuja na chambo.

Chambo cha "entice" na mipaka yake

Wanaochunguza asili ya maneno wanaifuatilia "entice" kupitia Kifaransa cha kale hadi neno la Kilatini la kijinga cha moto, yaani kuni inayowaka; kumrubuni mtu kulikuwa kumwashia moto. Leo moto huo umepoa, na maduka yanalitumia neno bila aibu: punguzo la bei la ku-"entice" wateja, kahawa ya bure ya ku-"entice" wapita njia. Wakorea wanayo mikki sangpum, bidhaa ya chambo, ile inayouzwa kwa hasara mlangoni ili uingie ununue nyingine. Mikki ni chambo cha kuvulia samaki. Mwanafunzi akilijua hilo anaelewa pia kwa nini "entice" hupenda "with": chambo lazima kitajwe, au angalau kijulikane.

Kuna mpaka mmoja unaowakosesha wengi. Magazeti ya Korea hutumia yuchihada kwa kuvutia wawekezaji na kwa kuipatia nchi mashindano makubwa. Yu ya mwanzo ni ile ile ya yuhok, kwa hiyo mfasiri asiye mwangalifu anafikia "entice". Mji wa Pyeongchang uliomba mara tatu kuandaa Olimpiki ya majira ya baridi. Ukashindwa kwa ile ya 2010 na ya 2014, ukaipata ya 2018 kwenye kura iliyopigwa Durban, Afrika Kusini, Julai 2011. Kwa Kikorea hiyo ni yuchi. Kwa Kiingereza huwezi kusema Korea "enticed the Olympics", kwa sababu Olimpiki haina nafsi ya kurubuniwa. Unaweza ku-"entice" wawekezaji, maana ni watu wanaoamua. Mashindano unayapata au unayashinda.

Upande wa giza pia upo na usifichwe kwa mwanafunzi. Sheria ya jinai ya Korea Kusini, kifungu cha 287, inaadhibu yakchwi na yuin ya mtoto: yakchwi ni kumchukua kwa nguvu au vitisho, yuin ni kumchukua kwa hila na vishawishi. Sheria ya shirikisho ya Marekani nayo ina kifungu kinachobeba jina la "enticement" kwa makosa ya aina hiyo. Neno lile lile la kahawa ya bure, likikutana na mtoto, linakuwa jina la kosa la jinai. Kwa hiyo "entice" ukiitumia na watoto, andika kwa uangalifu, hata kama unachowapa ni vitabu.

Mvuvi anayeijua "lure" bila kujua

Kati ya vyote vinne, "lure" ndicho ambacho Mkorea tayari anacho mdomoni. Wavuvi wa Korea wana rueo naksi, uvuvi wa kutumia samaki bandia wa plastiki au chuma anayechezacheza majini. Rueo ni "lure" yenyewe iliyovaa matamshi ya Kikorea. Mtu mzima anayehangaika na kitabu cha Kiingereza jioni huenda wikendi alikuwa ziwani na kisanduku kilichojaa rueo, na hakuna aliyemwambia kwamba ni neno lile lile.

Kwa Waingereza wa kale neno hilo lilikuwa la wafuga mwewe. Ni fungu la manyoya lililofungwa kwenye kamba, mara nyingi na kipande cha nyama, ambalo mwindaji hulizungusha hewani ili ndege aliyekwenda mbali arudi mkononi. Wakorea wanaelewa haya bila taabu, kwani uwindaji kwa mwewe ni urithi wao pia. Korea Kusini ilikuwa mojawapo ya nchi zilizouandikisha UNESCO mwaka 2010, pamoja na Falme za Kiarabu, Qatar na Saudi Arabia. Tena umewaachia msemo wanaoutumia hadi leo: sichimi ni kibandiko cha mwenye ndege kilichofungwa mkiani, na kukibandua sichimi ni kujifanya hujui lolote.

Kutoka kwa samaki na mwewe mwanafunzi anapata mambo mawili kwa mpigo. "Lure" ina safari: mtu anatolewa mahali na kupelekwa pengine, "out of", "away from", "into". Na aliyevutwa mara nyingi hajui kinachomngoja. Kikorea kina kkoeeonaeda, kumrubuni mtu mpaka atoke nje, na hilo ndilo linalostahili kuandikwa kwenye daftari.

"Seduce" nitaipita haraka. Wanalo kkosida, neno la vijana, ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa si sanifu mpaka Desemba 2014, Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea ilipolipokea. Kkosida ni kutongoza. Mtu akiiweka "seduce" hapo na asiitoe, hatamdhalilisha mwalimu wake tena.

Mtihani mwingine

Kuna maana moja ya "tempt" ambayo yuhok haiifikii kabisa, nayo ni ya zamani kuliko zote. Kilatini temptare kilimaanisha kugusa, kupima, kujaribu. Biblia ya Kiingereza ya 1611, kwenye Mwanzo 22, inasema Mungu "did tempt Abraham". Mungu hamrubuni Ibrahimu, anampima. Tafsiri za siku hizi zimeweka "tested", lakini maana ya kale imebaki hai katika "tempt fate", kuijaribu bahati kwa ujeuri.

Kikorea kimegawanyika juu ya jambo hili ndani ya sala moja. Katika Baba Yetu, Waprotestanti wa Korea huomba wasitiwe katika siheom. Wakatoliki huomba wasizame katika yuhok. Siheom ni jaribio, na ndilo neno la mtihani wa shule. Suneung ni siheom. Kwenye makanisa ya Kiprotestanti, muumini aliyeyumba kwa sababu ya ugomvi au maneno ya mchungaji husemwa ameingia siheom.

Msomaji wetu atakuwa ameshatabasamu. Waprotestanti wa Kiswahili husema usitutie majaribuni, Wakatoliki husema usitutie katika kishawishi, mgawanyiko ule ule, kwenye mstari ule ule. Na mfiwa wa pwani anapoambiwa huu ni mtihani, avumilie, anapewa neno lile lile analolitumia mwanawe shuleni. Mswahili akimfundisha Mkorea Kiingereza, na wapo wanaokutana hivyo vyuoni na kwenye miradi, wanaweza kuelewana juu ya "tempt" ya Ibrahimu kwa haraka kuliko yeyote kati yao na Mwingereza.

Kinywa

Imebaki kuyatamka. Silabi ya Kikorea hufungwa kwa konsonanti moja tu, kwa hiyo "tempt", yenye silabi moja na konsonanti tatu mwishoni, ikiandikwa kwa hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, inakuwa tempeuteu, silabi tatu. Ile eu ni irabu fupi ya kujazia, kama i na u zetu katika benki na stempu. Njia rahisi ni kuifunga midomo kwa m na kuiachia moja kwa moja kwenye t. P itajitokeza yenyewe, na wenye lugha wengi hawasikiki wakiitamka. "Entice" isiwe intaiseu ya silabi nne. Ni mbili, na nguvu iko kwenye ya pili.

"Lure" ndiyo ngumu. Kikorea kina herufi moja kwa l na r, na sauti yake hubadilika kufuata mahali ilipo, taabu ambayo Mswahili aliyekulia kusikia kula na kura kama neno moja ataielewa. Mwanzoni mwa neno ulimi wa Mkorea huelekea kugonga mara moja na kuachia, kama r fupi. Aanze na neno la Kikorea linaloishia na sauti hiyo, kama mul, maji, aushikilie ulimi nyuma ya meno bila kuuachia, kisha kutoka hapo hapo aseme "lure".